Muuza Dawa Ajue na Mila

Wengi wetu Mbagala na Tandale tukiugua tunakimbilia kwanza duka la dawa. Mafunzo ya wauzaji, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 pamoja na Maduka ya Dawa Muhimu, yamesaidia. Lakini kujua vipimo vya dawa hakutoshi.

Wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya mila na desturi, waliwahoji akina mama wa Bagamoyo juu ya degedege. Baadhi waliamini kuwa huletwa na ndege au shetani, na kwamba sindano itamwua mtoto. Kumbe huweza kuwa dalili ya malaria kali!

Vyuo vya dawa vifundishe na hayo. Muuzaji anayejua mila hatamcheka mama huyo. Atamwambia: "Mama, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi."