Acheni Kutuuzia Kinga

Kidato cha kwanza tulikaririshwa sentensi moja: mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli. Unaiandika, unapata alama, unasonga. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kukutisha nacho. Lakini nimekuja kujua sentensi ile ilikuwa nusu tu, na kuna watu wanakula pesa kwenye ile nusu iliyobaki.

Shangazi yangu ana lupasi. Kila wiki kuna mtu anamletea chupa. Eti unga huu unazipa seli nguvu, eti matone haya yanaongeza kinga. Mwaka jana aliacha tembe za daktari akashika chupa. Alilazwa siku tisa, figo zimeanza kuvuja protini.

Sasa tusomeshane. Mwaka 1967 Lynn Margulis, wakati huo akiandika kwa jina Lynn Sagan, alichapisha hoja ambayo majarida kadhaa yalikuwa yameikataa: mitokondria zamani ilikuwa bakteria iliyoingia ndani ya seli nyingine ikalowea. Ushahidi tunao mwilini. Bado ina DNA yake yenyewe, ya duara kama ya bakteria, tunayorithi kwa mama.

Mgeni huyu ndiye pia mlinzi wa lango. Mwaka 2005 maabara nne tofauti zilieleza protini iliyokaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, ambayo leo tunaiita MAVS. Virusi fulani vikiingia, protini nyingine hunasa RNA yao na kuigutusha MAVS. Nazo MAVS hushikana kama nyuzi, king'ora kinalia, seli inamwaga intaferoni kuwaonya majirani. Virusi vya hepatitisi C vinajua habari hii kuliko mwalimu wetu: vina kimeng'enya kinachoikata MAVS kutoka pale ilipojishika, na king'ora kinanyamaza.

Geuza hadithi. Mitokondria ikiumia, DNA yake huvuja. Protini iitwayo cGAS huiona na kudhani adui kaingia. Inaiamsha STING, king'ora kinalia tena. Mwizi hayupo, bana. Ni nyumba inajipigia mayowe. Wagonjwa wengi wa lupasi wana intaferoni iliyopita kiasi, na watafiti wameitaja DNA hiyo iliyovuja kuwa mojawapo ya vichochezi.

Ndio maana dawa ya anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2021 kwa lupasi, haiongezi chochote. Inaziba mlango ambao intaferoni hupitia. Inatuliza.

Utaniambia haya ni mambo ya wasomi, mama mboga atayafanyia nini? Wacha dharau. Mama mboga amewahi kulala karibu na gari linalopiga king'ora usiku kucha bila mwizi. Hawezi kukwambia dawa yake ni kuongeza sauti. Ni sisi tuliosoma tuliomficha, tukamwachia muuza chupa amweleze mwili wake.

Kinga si hela, kwamba ikizidi ndio umeneemeka. Ukitaka kumsaidia mgonjwa wa lupasi, muulize kama amemeza tembe zake leo, na kama ana nauli ya kliniki. Shangazi amerudi kwa zake. Chupa tumeziweka nje ya mlango, mwenyewe aje azichukue.