HATA NABII ALIANDIKIANA



Somo: Yeremia 32:6–14

Wiki hii dada mmoja wa kanisa letu hapa Takaungu ameniuliza: "Mchungaji, najenga. Fundi ni mpendwa mwenzetu, ameniahidi dhamana kwa mdomo. Nikimdai maandishi, si nitakuwa sina imani?"

Dada, nakujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipojenga, kazi nilimpa ndugu tuliyekuwa tukiomba pamoja. Hatukuandika kitu. Aliniambia, "Mchungaji, ikivuja utaniita." Mvua za mwezi wa tano zikaja, ikavuja juu ya kitanda cha watoto. Nikamwita. Yeye akasema mabati niliyonunua ni membamba. Mimi nikasema misumari imepigwa vibaya. Karatasi ya kutuamua hatukuwa nayo. Paa nililipia mara ya pili, lakini ndugu yangu hakurudi kanisani. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma mpaka leo.

Mtazame Yeremia. Bwana mwenyewe alimwambia anunue shamba la Anathothi. Muuzaji, Hanameli, alikuwa binamu yake. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, akaagiza itunzwe katika chombo cha udongo. Nabii mwenye neno la Mungu, akinunua kwa damu yake, bado aliandikiana!

Dhamana ya maandishi ina faida. Kwenye mikataba mikubwa, mwenye nyumba hushikilia sehemu ya malipo, kwa kawaida asilimia 5 au 10, mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Mara nyingi ni miezi 6. Hata na fundi wa kijijini mnaweza kupatana hivyo. Mimi nashauri muda huo upite masika moja. Paa lililomalizwa Januari bado halijajaribiwa.

Lakini dhamana isiwe sanamu. Dhamana ya mabati yaweza kutaja miaka mingi, kisha kwa herufi ndogo ikaziondoa nyumba zilizo karibu na bahari. Na sisi hapa chumvi inatufikia hadi jikoni! Soma kabla ya kulipa. Jua pia kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Ukinunua nyumba iliyokwisha jengwa, dhamana unayoambiwa ni ya bure huenda imeshatiwa kwenye bei. Na dhamana ya mkandarasi asiyepatikana ni maneno matupu. Uliza kama amesajiliwa na NCA.

Kwa hiyo, andikeni: kazi gani, vifaa gani, nani anarekebisha nini, na mpaka lini. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi wawili. Tunza risiti. Hujamtukana ndugu yako. Umeulinda undugu wenu.

Na wewe fundi uliyeokoka, ukirudi kuziba ufa bila kufukuzwa, umehubiri kuliko mimi wa madhabahuni.

Ndugu yangu uliyenijengea, kama unasoma hapa: mimi mchungaji ndiye niliyepaswa kuleta karatasi siku ile, sikuleta. Nisamehe. Paa halivuji tena, na kiti chako kipo. Jumapili nakungoja.

Mungu awabariki wote mnaojenga. Kama umepokea neno hili, andika AMINA, kisha mtumie mwenzako kabla hajamlipa fundi.