Mpira kwenye pembe za mbuzi

Mtoto wa mdogo wangu kule Ganako, Karatu, ana kovu chini ya jicho la kushoto. Mwezi wa nne alikuwa amechuchumaa akimpa mbuzi wa maziwa majani, mbuzi akarusha kichwa. Ingekuwa juu kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumza habari ya jicho.

Baba yake akaapa mbuzi yule hatabaki na pembe. Jirani alishamweleza: kata tyubu ya baiskeli, funga kwa nguvu kwenye shina la pembe, damu ikose njia, pembe itadondoka yenyewe. Kazi ya kumshika mbuzi akapewa kaka mkubwa, yuko darasa la sita.

Nilifika kwao wiki ya tatu baadaye. Mbuzi anasugua kichwa ukutani, hali vizuri, maziwa kikombe kimoja. Mpira umezama kwenye ngozi, usaha unatoka, nzi hawaondoki. Kijana akanisalimia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, hivi anaumia?"

Anaumia, mwanangu. Pembe si kama ukucha unaokatwa. Ndani yake kuna mfupa wenye damu na mishipa ya fahamu, na kwa mbuzi mkubwa mfupa huo una uwazi unaoingia hadi ndani ya fuvu. Mpira hubana hayo yote polepole, wiki kwa wiki, wakati mwingine hata miezi miwili. Pembe ikigonga nguzo ya banda kabla haijawa tayari, huvunjika, damu ikamwagika na tundu likabaki wazi kichwani. Nzi wakitaga hapo, funza wanafuata. Na kidonda kilichobanwa kikakosa hewa ndicho pepopunda inachokitaka. Wapo wafugaji hata Marekani wanaotumia mpira kwa sababu hauleti damu nyingi. Damu kutoonekana si kutoumia, na nchini kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama.

Bwana mifugo aliitwa. Akaukata mpira, akasafisha, akachoma sindano.

"Sasa shemeji, nimwache amtoboe mtoto?" baba akaniuliza. Swali la haki kabisa, na wazazi wengi wenye mbuzi wa maziwa nyumbani wanalo.

Wakati wa kuondoa pembe ni utotoni mwa mbuzi, katika wiki mbili za kwanza, pembe zikiwa bado vinundu. Mtaalamu hutia ganzi na kuchoma vinundu kwa chuma cha moto, sekunde chache tu. Tafadhali usijaribu mwenyewe na nondo ya jikoni: fuvu la mbuzi mchanga ni jembamba na ubongo uko karibu. Usidhani pia utamaliza tatizo kwa kupandisha dume lisilo na pembe kwa jike lisilo na pembe, maana baadhi ya watoto huzaliwa huntha na hawazai.

Mbuzi aliyekwisha kukua, mwachie pembe zake. Ncha kavu inaweza kupunguzwa kidogo na mtaalamu, au ivishwe kipande cha mpira wa maji. Kubwa zaidi ni banda. Wazee wa Kiiraqw walilala nyumba moja na mifugo yao, sisi tuna nafasi ya kuwatenganisha. Weka hori kwa nje, mtoto alishe akiwa upande wa pili wa mbao. Mbuzi anayetafuta watu makusudi, mpeleke mnadani na umwambie mnunuzi ukweli.

Shemeji amepigilia mbao mpya. Kijana ndiye anayeosha kidonda asubuhi kabla ya shule, na juzi alinipigia kwa simu ya mama yake kusema pembe ya kulia imeanza kulegea, nimkumbushe bwana mifugo aje mapema.