Siku 89 za Riyadh

Nyumbani kwetu Jeddah safari hazikuwa na tarehe. Zilikuwa na Ramadhani. "Tulienda Mombasa mwaka ule tuliofungia kwa bibi." "Baba alihamia Riyadh baada ya Idd kubwa." Miaka yote niliona hiyo inatosha. Halafu nikaanza kuomba uraia wa Kanada, na fomu haikutaka Ramadhani. Ilitaka siku, mwezi na mwaka, kutoka na kurudi, kwa kila safari ya miaka mitano.

Kwa wale ambao hamjafika huko: Kanada inataka uwe umekaa ndani ya nchi siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba. Siku uliyoondoka na siku uliyorudi zinahesabiwa kwamba ulikuwepo. Za katikati zinakatwa.

Nikahesabu: 1,108. Alhamdulillahi, nimepita! Ila kuna safari moja sikuiweka. Baba alipougua Riyadh, nilienda nikakaa naye Malaz, zikakatika siku 89. Nikiziondoa nabaki na 1,019. Pungufu 76. Na pasipoti ya zamani yenye mihuri ya safari ile ilipotea mama alipohama Sharafiya.

Kaka yangu akaniambia, "We tuma tu. Nani atajua?"

Sitawadanganya, wazo lile nililala nalo siku tatu. Na nadhani sisi tuliokulia Saudia tunalielewa kuliko wengine. Tumezaliwa mahali ambapo kuzaliwa hakukupi uraia. Tumeishi kwa ikama ya baba, tukatoka kwa khuruj wa awda. Ada ya wategemezi ilipoanza mwaka 2017 kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, na kufika 400 mwaka 2020, si mnakumbuka madarasa yalivyopungua? Mtu aliyeishi hivyo, akiona pasipoti iko mbele yake, siku 76 anaziona kama ukuta.

Hata hivyo msimamo wangu ni huu: iandike. Kila safari.

Kwanza, watajua. Tangu 2020 Kanada inakusanya taarifa za abiria wanaotoka kwa ndege, si wanaoingia tu. Muhuri wako kupotea hakufuti kitu.

Pili, adhabu yake haiishi. Wakigundua umewapotosha kwenye ombi, wanakukatalia na unaweza kuzuiwa kuomba tena kwa miaka mitano. Hata ukishapata uraia, unaweza kuvuliwa. Mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba inachunguza karibu watu 11,000 na inataka kuwavua uraia hadi watu 3,100. Yaani una pasipoti mkononi na bado ukisikia hodi unashtuka. Hiyo si ikama tu kwa jina jingine?

Kukosea tarehe kwa bahati mbaya si sawa na kuficha. Ukigundua kosa baada ya kutuma, waandikie mapema urekebishe.

Tatu, baba. Nilimpigia nikamweleza hesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani ulifanya kosa kuja?" Basi, khalas. Nilielewa kwamba kuzifuta siku zile ni kusema kwa maandishi, na sahihi yangu chini, kwamba sikuwepo alipokuwa hawezi kuinuka kitandani. Sheria ikinikata siku hizo, sawa, ni haki yake. Mimi sizikati.

Sasa, tarehe utazipata wapi? Tafuta tiketi kwenye imeili. Angalia tarehe za picha, na ule ujumbe wa WhatsApp wa "nimefika salama". Kama muhuri una tarehe ya Hijria, tumia kibadilisha tarehe, usikisie. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, ukikisia unaweza kukosea kwa wiki nzima. Na nyinyi ambao bado mna ikama, toeni nakala ya kila mnachoweza kukipata Absher kabla ya khuruj nihai. Wa Uingereza pia msicheke: nanyi kwa kawaida mnatakiwa msizidishe siku 450 nje katika miaka mitano, na 90 katika mwaka wa mwisho.

Mimi nilisubiri. Nilikuwa sijatimiza miaka mitano tangu nifike, kwa hiyo kila siku niliyokaa iliongeza moja. Nikapitisha zile 76, nikaongeza wiki mbili za tahadhari. Fomu nimeituma juzi. Safari ya Riyadh iko mstari wa nne.

Na wewe, safari gani umeisahau? Muulize mama leo, kabla na yeye hajaisahau.