Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: mashine za kupima mawe ziwe na muda wa kubadilishwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kalemela, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu, kuhusu maabara ya jiokemia ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyoko Dodoma. Naomba mashine za eksirei zinazopima mawe ziwekewe muda wa kubadilishwa, na fedha zake zitengwe kabla hazijachoka.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Wilaya yetu ina kilima cha Ngasamo chenye nikeli, na upande wa Dutwa, Bariadi, kuna kilima kingine cha nikeli, Wamangola. Nikeli hiyo imo kwenye mwamba uliooza kwa mvua na jua la enzi na enzi, na kwa wastani haifiki asilimia 1. Kwa mawe ya namna hiyo, ukisoma asilimia 0.7 mahali penye 0.9 unaweza kukiacha kilima kilichostahili kuchimbwa.

Maabara hupokea jiwe, hulisaga likawa unga laini, kisha unga hushindiliwa kuwa kidonge. Mashine hukipiga kidonge kwa eksirei, na kila elementi hurudisha mionzi yake yenyewe, ambayo kipokezi cha mashine huihesabu. Sasa tyubu inayotoa eksirei hupungua nguvu kadiri inavyotumika. Magnesi na elementi nyingine nyepesi, ambazo mionzi yake ni dhaifu tangu mwanzo, ndizo za kwanza kusomeka vibaya. Mashine iliyochoka haizimiki siku hiyo, Mheshimiwa. Huendelea kutoa namba, na namba hizo huandikwa kwenye cheti chenye muhuri. Fundi makini ataligundua tatizo kwa kupima sampuli rejea, yaani zile ambazo viwango vyake vinajulikana, lakini atafanya nini kama hakuna tyubu ya akiba?

Wapo watakaosema Simiyu ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na dhahabu hupimwa kwa tanuri. Ni kweli. Ila mwamba wa dhahabu mara nyingi hubeba aseniki, ambayo eksirei huionyesha, na anayeishi jirani na karasha la kusagia mawe ana haki ya kujua vumbi lile lina nini kabla halijafika kisimani.

Serikali imetangaza kwamba utafiti wa kina kwa ndege, uliofika asilimia 16 ya nchi, ufike asilimia 50 ifikapo 2030. Naunga mkono kwa moyo wote. Ndege huonyesha pa kwenda kutafuta. Jibu la mwisho hutolewa na sampuli. Tukirusha ndege zaidi, mifuko ya mawe itakayopelekwa maabara itaongezeka, na mashine zitachoka mapema.

Kwa hiyo nasihi kwamba tusihesabu bei ya kununulia tu. Mashine ya eksirei inahitaji vipuri, sampuli rejea, umeme usioyumba na fundi aliyefunzwa hapa nchini, asisubiriwe wa kutoka ng'ambo. Gharama hizo zikikosa kifungu, mashine mpya itachakaa kabla ya wakati wake.

Tunaomba bajeti ijayo ya Wizara yako iwe na kifungu hicho, ukisome bungeni. Tunaomba pia GST itangaze kila mwaka umri wa kila mashine na siku ambazo mteja husubiri majibu, ili mchimbaji wa Kalemela ajue anakopeleka jiwe lake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kalemela