Simbamarara wa Makerere Hajafika Sakina

Katika kila kongamano la fasihi huwapo kauli moja au mbili zinazoishi kuliko kongamano lenyewe. Hotuba za ufunguzi husahaulika, maazimio huwekwa makabatini, lakini neno lililomponyoka mwanajopo mmoja, likadakwa na msikilizaji mwenye kalamu, husafiri miaka na miaka. Kauli iliyosafiri mbali kuliko zote katika Afrika Mashariki inahusishwa na mkutano wa Makerere, Kampala, wa Juni 1962. Wole Soyinka, akiwapiga kijembe washairi wa Negritude, alisema kwamba simbamarara hana haja ya kuutangaza usimbamarara wake.

Ni kijembe kizuri, na watu wa pwani, ambao vijembe ni chakula chao, hawawezi kumnyima msemaji sifa yake. Lakini mpwani angeuliza swali moja la adabu: simbamarara yupi? Mnyama huyo haishi katika msitu wowote wa Afrika. Makao yake ni Asia. Kauli inayokumbukwa kuliko zote kuhusu Mwafrika kuwa yeye mwenyewe ilisemwa kwa lugha ya kigeni, kwa mfano wa mnyama wa kigeni, na hakuna ukumbini aliyeguna.

Hakuguna mtu kwa sababu ambao wangeguna hawakualikwa. Mkutano ule, kwa jina lake lenyewe, ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi wa Makerere wakati huo, alipata nafasi kwa hadithi fupi mbili alizokuwa amechapisha. Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya mashairi na nathari, hakuwa na sifa ya kuingia. Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulikiri jambo hilo baadaye, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukombozi wa fikra.

Kosa hilo lingekuwa la kale tu lau lisingekuwa linarudi leo na kanzu mpya. Kanzu yenyewe ni bunilizi za ajabu: hadithi za sayari nyingine, za nyakati zijazo, za wafu wanaofufuka na nchi zisizo katika ramani. Utanzu huu una makongamano yake makubwa. Lililo kongwe na maarufu zaidi, Worldcon, lilianza New York mwaka 1939, na hadi lile la Seattle la 2025 lilikuwa halijapata kukanyaga ardhi ya Afrika. Waafrika wanadai zamu yao, na dai hilo ni la haki. Nairobi imekwisha kuonyesha uwezo wake: filamu ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ilitoka mwaka 2009, na jumuiya ya Jalada ikatoa mkusanyiko wake wa hadithi za mustakabali wa Afrika mwaka 2015. Mwaka 2019 Nnedi Okorafor alipendekeza jina maalumu kwa fasihi ya aina hii inayoanzia Afrika yenyewe. Yote hayo ni ya kupongezwa.

Lisilopongezeka ni ile nyimbo inayoimbwa katika majopo, kwamba utanzu huu barani ndiyo kwanza unazaliwa. Mkunga anashangilia kichanga na babu yake amekaa barazani! Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, riwaya ya nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake sita walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini. Farouk Topan alipandisha jukwaani mambo ya ahera katika Aliyeonja Pepo, mwaka 1973. Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katama Mkangi, mtoto wa pwani ya Kenya, alimrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi, mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed alimtoa babu kaburini aje kumhoji mjukuu wake katika Babu Alipofufuka, mwaka 2001, na Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Na kabla ya riwaya kulikuwa na tenzi: Rasi 'lGhuli ya karne ya 19 ina beti zaidi ya 4,000. Huo ndio uchanga unaosemwa?

Siku mkutano wa namna hiyo utakapoletwa Afrika Mashariki, Arusha haitakosa kutajwa, maana jumba lake la mikutano ya kimataifa linapokea wageni tangu 1978. Basi na itafutwe mizani ya kuzipimia kauli za wanajopo, na mizani hiyo iwe Sakina. Mjumbe atokaye Nairobi kwa barabara, akiisha kuvuka Namanga, hupita Sakina kabla ya kuufikia mji. Jina hilo kwa Kiarabu lina maana ya utulivu, ingawa malori ya barabara kuu hayauheshimu. Chini ya Mlima Meru hapo, Mwarusha, Mmeru, Mchaga na Mrangi wanauziana ndizi na kutaniana, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kauli ya jopo isiyoweza kurudiwa katika kibanda cha chai cha Sakina, ikaeleweka na kubishiwa, haijasemwa Arusha. Imepitia Arusha tu, kama lori.

Arusha yenyewe ina ushahidi wa pande zote mbili. Azimio la Februari 1967 lilitoka kwa Kiswahili, washairi wakalichukua, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA wakalitungia ngonjera, watoto wakaziimba shuleni. Mtu aweza kulipenda Azimio au kulichukia, lakini hawezi kusema halikusikika. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini katika mji huohuo tarehe 30 Novemba 1999, ukakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikapewa ahadi ya kuendelezwa. Ni Februari 2021 ndipo wakuu wa nchi walipoafiki kukipa hadhi hiyo. Je, ni mzee gani wa Sakina awezaye kutaja kifungu kimoja cha mkataba ule?

Watetezi wa Kiingereza watasema kwamba bila lugha hiyo Mlagos na Mnairobi hawaonani, na kwamba ukalimani ni gharama. Hoja ya kwanza ni kweli, na hakuna aliyetaka Kiingereza kifungiwe nje. Hoja ya pili imejibiwa na mji wenyewe. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilipokaa Arusha, shahidi aliyejua Kinyarwanda tu alisikilizwa kwa Kinyarwanda, kwa wakalimani, kwa sababu haki ilikuwa haiwezi kupatikana vinginevyo. Kilichowezekana kwa shahidi kinawezekana kwa msanii. Kinachokosekana ni nia.

Hata hivyo lawama zote zisitupwe mlango wa jirani. Wapenzi wa ushairi wa visiwani na mwambao nao wametumia miaka mingi, tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wakigombea vina na mizani, huku hadithi za majini na sayari wakiziona ni za kulazia watoto. Aliyekunja mkeka wake mwenyewe na kuuweka uvunguni hana haki ya kulia kwamba mgeni hakuuona. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wajumbe wa Kusadikika walizunguka pande sita, wakarudi na habari za manufaa kwa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Karama ndiye aliyesimama mahakamani kuwasemea, kwa lugha ambayo kila raia aliyehudhuria aliielewa. Kongamano litakalokuja na limpe Karama kiti jopo la kwanza, asubuhi, watu wakiwa wengi. Na kijana wa Sakina mwenye daftari aruhusiwe kuandika alichosikia, bila ya kungoja tafsiri.