Gobole kijijini, bastola mjini: sheria moja, maumivu tofauti

Najua mmezoea mpira na siasa hapa kijiweni, ila leo tuvumiliane, nataka tuongelee bunduki. Siyo za kwenye sinema. Naongelea gobole, lile linaloshindiliwa baruti kwa mdomoni halafu unamwomba Mungu lisikulipukie usoni. Mliokulia vijijini Korogwe na Handeni mnalijua, msijifanye wa mjini leo.

Mjomba wangu analima mahindi upande wa Mkomazi. Kuna msimu tembo waliingia usiku, kulipokucha ekari mbili hazina kitu. Mjomba hana gobole (msije mkamletea soo bure), ila jirani zake wanalo na kila mtu anajua. Nikamuuliza, kwani mjomba si uende ukaombe bunduki halali yenye kibali? Akacheka sana. "Mpwa wangu, nianzie wapi?"

Hilo swali ndilo lililonifanya nikae chini niisome hii sheria.

Sheria tunayotumia ni ya Kudhibiti Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kwa kifupi, Bongo kumiliki bunduki siyo haki yako kama wanavyodai Marekani. Ni ruhusa unayopewa na inaweza kunyang'anywa. Maombi yanaanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa, yanapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha. Unatakiwa uwe na sababu ya msingi, rekodi safi, cheti kwamba umefundishwa kutumia silaha, na mahali salama pa kuifungia.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa mjini. Sababu anayo, analala na mauzo ya siku. Kasiki analo. Gari la kufuatilia faili mkoani analo. Pesa ya kwenda kujifunza shabaha anayo. Akiwa mvumilivu, bastola ataipata. Sisemi ni vibaya, majambazi wapo kweli.

Halafu mchukue mjomba. Nyumba ya miti na udongo, mlango wa bati. Hiyo kasiki ataiweka wapi? Nauli ya kwenda wilayani mara tano ni mbegu ya msimu mzima. Na hata akiipata bastola, haimsaidii kitu, maana bastola siyo silaha ya tembo. Kwa tembo na nyati kanuni za uwindaji zinataka raifo kubwa, kaliba isiyopungua .375. Hiyo mkulima wa jembe la mkono anaiona kwenye picha tu.

Kwa hiyo kijijini watu wanakwenda kwa fundi. Magobole yenye leseni yapo, lakini hili la kuchongwa kwa bomba halina namba wala karatasi. Limezaliwa haramu.

Hapa ndipo vijana wengi hawajui, kwa hiyo someni vizuri. Ukikamatwa na silaha bila kibali, kosa linaunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Ndiyo, uhujumu uchumi, ule ule tunaousikia kwenye kesi za vigogo na mabilioni. Baada ya marekebisho ya mwaka 2016, adhabu yake ni kuanzia miaka 20 mpaka 30 jela. Yaani mtu aliyekuwa anafukuza nguruwe pori na nyani anaweza kuingia ndani mtoto yuko chekechea, akatoka kakuta wajukuu.

Najua kuna mdau atanijibu: kwa hiyo unatetea majangili? Hapana. Ukali haukuja hewani. Mwaka 2009 nchi ilihesabiwa kuwa na tembo 109,000 hivi, mwaka 2014 wakabaki kama 43,000. Waliuawa kwa risasi. Na gobole hilo hilo la kulinda shamba kesho linaangusha nyati, keshokutwa linatumika kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Isitoshe, ukimpiga tembo kwa gobole humuui, unamjeruhi. Tembo mwenye jeraha akirudi kijijini, atakayekutana naye siyo aliyefyatua, ni mama aliyetoka kuchota maji.

Ila ubabe nao tuliujaribu. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza, jeshi na polisi wakaingia vijijini kusaka majangili na silaha. Malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa na hata kufa yakafika bungeni, operesheni ikasimamishwa, na Desemba mwaka huo huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Tokomeza ikapita, tembo wa shambani wakabaki.

Kuna njia ya upole pia. Mwaka 2022, Septemba na Oktoba, serikali ilitangaza msamaha: leta silaha haramu kwa hiari, hushtakiwi. Mimi nauona ni mpango mzuri. Lakini jiweke kwenye nafasi ya jirani yake mjomba anayesikiliza tangazo redioni. Anajiuliza kitu kimoja tu: nikisalimisha leo, tembo akija kesho namfukuza na nini?

Hilo swali halijajibiwa, na kwa maoni yangu ndilo tatizo lenyewe. Tunachukua silaha, hatuchukui hofu iliyomfanya mtu aitafute.

Mtasema kuna fidia. Kwanza haiitwi fidia, inaitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na kwa mazao kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, mwisho ekari tano. Sasa piga hesabu ya mbegu, kibarua wa palizi na gunia za mahindi ambazo hukuvuna. Jasho halijakauka hapo.

Mimi siyo mwanasheria, nimeishia fomu foo, lakini naona mambo matatu yanawezekana.

Moja, vijiji vya jirani na Mkomazi viwe na askari wa wanyamapori wa vijiji wa kutosha, waliofundishwa, wenye silaha zilizosajiliwa na simu inayopokelewa saa nane usiku. Bunduki moja inayojulikana iko wapi na nani anaishika ni afadhali kuliko magobole kumi chini ya vitanda.

Mbili, tusitegemee risasi peke yake. Wenzetu wa Sagalla, Kenya, hapo tu karibu na Voi, wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki. Tembo anaogopa nyuki, na mkulima anauza asali. Tembo wa Tsavo na Mkomazi hawajui mpaka, wanakwenda huku wanarudi kule. Dawa ya kule kwa nini isijaribiwe huku kwa nguvu? Uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu nao unajulikana.

Tatu, msamaha wa silaha utangazwe kwenye mkutano wa kijiji, afisa wanyamapori akiwa amekaa pale pale mbele, aseme ulinzi wa mashamba unaanza lini. Mtu atoe gobole aone anapewa nini mbadala.

Bila hivyo, kila mwaka yatakusanywa na kuchomwa moto, na kila mwaka fundi atachonga mengine. Na atakayekwenda jela miaka 20 siyo yule wa meno ya tembo, ni baba wa mtu aliyekuwa analinda mahindi.

Naomba kuwasilisha. Mliopo kafe, msifunge ukurasa bila kusema kitu. Kijijini kwenu tembo au nguruwe wakiingia shambani mnamwita nani, na anafika saa ngapi? Matusi pembeni tafadhali.